Vitofali Vinavyokwenda na Kabati la Vipande

(Mazungumzo yaliyotangazwa redioni)

Wako watu wazima, ndugu msikilizaji, wenye kazi zao, mvi zao na wajukuu wao, ambao wakirudi nyumbani jioni hula upesi upesi, hufuta meza, kisha huanza kutenganisha vipande vidogo vidogo vya plastiki. Gia zenye meno 8 huku, zenye meno 24 kule. Pini nyeusi katika kisanduku hiki, za kijivu katika kile. Saa mbili usiku, saa nne, saa tano. Ukimwuliza mtu huyo anafanya nini, atakujibu kwamba anajenga winchi. Lakini winchi huioni. Unachokiona ni mtu anayechambua vipande kama mama anayechambua mchele wa karamu.

Wengi wetu tukimwona mtu wa namna hiyo hucheka. Ni utoto, tunasema, na tena ni utoto wa watu wenye fedha na nafasi. Hilo la fedha nitalirudia, maana lina ukweli. Lakini hilo la utoto nalikataa. Michezo hii ya kuunganisha vipande ina historia inayopita miaka 120, na ukiifuata historia hiyo utaona kwamba kujenga ndiyo sehemu nyepesi. Kazi nzito siku zote imekuwa kuvipanga vipande: kuamua viwe vya vipimo gani, viwe vya aina ngapi, na vikae wapi ili mkono uvipate. Waliolijua jambo hilo walitengeneza mashine zilizosaidia sayansi. Waliolisahau, nao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo duniani, walikaribia kufilisika.

Tuanze na Liverpool, Uingereza. Frank Hornby alizaliwa huko mwaka 1863, na hakuwa mhandisi. Alikuwa mtunza hesabu katika biashara ya kuagiza nyama kutoka ng'ambo. Nyumbani alikuwa na wanawe, akawa anawatengenezea vitu vya kuchezea kwa mabati aliyoyakata kwa mkono. Kila alipotaka kujenga kitu kipya ilimbidi akate vipande vipya, na vile vya zamani vikabaki bila kazi. Hapo ndipo lilipomjia wazo lililompatia utajiri, nalo ni wazo la karani hasa: vipande vyote viwe vya upana mmoja, vitobolewe matundu yaliyoachana nusu inchi, yote yalingane, na vifungwe kwa nati na bolti. Kipande kilichokuwa mkono wa winchi leo, kesho kiwe ubavu wa daraja.

Mwaka 1901 alisajili uvumbuzi wake. Fedha za kuusajili alikopeshwa na mwajiri wake, na baadaye wakawa washirika. Jina la kwanza lilikuwa refu na la kishule, lakini mwaka 1907 likasajiliwa lile ambalo vijana wa Uingereza na makoloni yake walilijua kwa vizazi vitatu: Meccano. Mwaka 1914 kiwanda kikahamia barabara ya Binns, hapo hapo Liverpool, na mwaka 1916 likaanza kutolewa gazeti maalumu la wapenzi wa mchezo huo.

Naomba tutazame jambo moja ambalo kwa kawaida hupitwa haraka katika habari za Hornby. Kila kipande cha Meccano kilikuwa na namba yake. Maboksi nayo yalikuwa na namba, na kulikuwa na maboksi ya nyongeza: aliyekuwa na boksi la kwanza akinunua nyongeza yake, basi jumla ya alivyonavyo ikawa sawasawa na boksi la pili. Kijana angeweza kupanda ngazi hiyo polepole, Krismasi hadi Krismasi, bila hata kipande kimoja kuharibika thamani. Juu kabisa kulikuwa na boksi la 10, nalo lilikuja ndani ya kabati la mbao lenye droo, kila kitu kikiwa na mahali pake. Wazazi waliolinunua kabati hilo walidhani wananunua vyuma. Mimi nasema walinunua stoo, pamoja na daftari la stoo, na mtoto aliyekua nalo alijifunza utunzaji wa stoo kabla hajajua kwamba kuna kazi ya jina hilo.

Sasa twende Manchester, mwaka 1934. Katika chuo kikuu cha mji huo alikuwapo profesa aitwaye Douglas Hartree, mtaalamu wa hesabu zinazohusu muundo wa atomu. Hesabu zenyewe zilikuwa za aina ambayo kila kiasi hubadilika kadiri kingine kinavyobadilika, na kuzikokotoa kwa kalamu kulichukua majuma na majuma. Mwaka 1933 Hartree alikwenda Marekani, katika chuo cha ufundi cha MIT, akaiona mashine kubwa ya Vannevar Bush iliyofanya hesabu za namna hiyo kwa magurudumu, ekseli na gia. Iligharimu fedha nyingi mno. Hartree alipoitazama kwa makini alisema ilimkumbusha Meccano.

Hayo yangeweza kubaki utani wa kirafiki. Lakini aliporudi nyumbani, yeye na mwanafunzi wake Arthur Porter waliijenga, kwa sehemu kubwa wakitumia vipande vya Meccano, kwa gharama ya pauni 20 hivi. Ndani yake gurudumu dogo lilikimbia juu ya sahani inayozunguka. Likisogea karibu na katikati huzunguka polepole, likisogea pembeni huzunguka kasi, na kwa njia hiyo mashine hujumlisha mabadiliko madogo madogo yasiyohesabika. Shida ilikuwa kwamba gurudumu lile lingeteleza kama lingepewa kazi ya kusukuma gia zote zilizobaki. Basi likatengewa kazi ya kuonyesha tu, na nguvu ikatoka kwenye mota kupitia kamba zilizozungushiwa ngoma ndogo. Mashine haikuwa sahihi kupita kiasi, lakini ilitosha kufanya hesabu za kweli za atomu, na iliwashawishi watu wenye fedha kulipia mashine kamili ya chuma, ambayo chuo kiliipata mwaka uliofuata. Cambridge nako walijenga yao ya Meccano, na hiyo baadaye ikavuka bahari hadi New Zealand, ambako inahifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Auckland.

Profesa Hartree hakucheka utoto. Alijua kwamba ndani ya boksi lile kulikuwa na akiba ya vipande vilivyopimwa kwa uangalifu, vinavyopatikana dukani, vinavyobadilishana nafasi. Karakana ya chuo ingehitaji miezi kuvichonga.

Kiwanda cha barabara ya Binns kilifungwa mwaka 1979, ingawa jina la Meccano halikufa. Wakati huo watoto wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye plastiki, na huko ndiko tunakokwenda.

Billund ni mji mdogo wa Denmark, katika nchi ya upepo na mashamba. Ole Kirk Christiansen, aliyezaliwa mwaka 1891, alikuwa seremala hapo. Mwaka 1932, katika ule mdororo wa uchumi ulioikumba dunia nzima, watu waliacha kumwagiza nyumba na makabati, akaanza kuchonga vitu vya watoto: magari ya mbao, bata wa mbao. Mwaka 1934 biashara akaipa jina la LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Mwaka 1942 karakana iliungua moto, akaijenga upya. Baada ya vita akanunua mashine ya kuyeyusha plastiki na kuimimina katika kalibu, yaani lile umbo la chuma linalokipa kitu sura yake, na mwaka 1949 akatoa vitofali vyake vya kwanza vya plastiki.

Hapa historia inataka tuseme kweli. Vitofali vile havikuwa wazo lake. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, mwenye kampuni iliyoitwa Kiddicraft, alikuwa amekwisha kutengeneza na kusajili vitofali vya plastiki vinavyoshikana kwa nundu za juu. Seremala wa Billund alipata sampuli yake, akaifanyia mabadiliko kidogo, akaanza kuuza. Page alifariki mwaka 1957, na inaelezwa kwamba hakuwahi kujua. Kampuni ya Billund haikatai jambo hili leo, na mwaka 1981 ilizinunua haki zilizobaki za Kiddicraft. Mimi sioni kwamba kununua haki baada ya mwenyewe kulala kaburini miaka 24 ni kulipa deni, lakini hayo ni maoni yangu.

Walichokiongeza watu wa Billund wenyewe ni mirija. Vitofali vya mwanzo vilikuwa tupu ndani. Vilishikana, lakini ukiviinamisha vinaachiana. Tarehe 28 Januari 1958, Godtfred, mwana wa Ole Kirk, alisajili kitofali chenye mirija upande wa chini, ambayo hubana nundu za kitofali kinachofuata kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Ole Kirk akafariki Machi mwaka huo huo. Vitofali vya 1958 bado vinashikana na vinavyotoka kiwandani leo. Kitu kingine cha plastiki cha mwaka 1958 ambacho bado kinaingia mahali pake bila kulegea mimi sikijui.

Watu wa hesabu nao walivutiwa. Vitofali viwili tu vya rangi moja, kila kimoja na nundu 8, vinaweza kushikanishwa kwa njia 24. Vitofali sita? Kampuni ilitangaza kwa miaka mingi kwamba ni njia zaidi ya milioni 102, mpaka mwanahesabu wa Copenhagen, Søren Eilers, akagundua kwamba walikuwa wamehesabu minara tu, ile inayopanda kitofali juu ya kitofali. Alipohesabu yote kwa kompyuta alipata njia 915,103,765.

Lakini kitofali, msikilizaji, ni rafiki wa nyumba. Kimeumbwa kishike na kisiachie. Mwendo unataka kinyume chake, kitu kishike hapa na kiachie pale, kizunguke bila kuchomoka. Ndiyo maana safari kutoka ukuta kwenda mashine ilichukua miaka. Gurudumu lilikuja mwaka 1962, treni ya umeme mwaka 1966, na kufika 1970 kulikuwa na gia kubwa za plastiki ambazo zilizunguka kweli lakini hazikuweza kubeba kazi ya maana. Mwaka 1977 ndipo walipotoa vitofali virefu vyembamba vyenye matundu ubavuni, pamoja na ekseli zenye umbo la msalaba, pini za kupita katika matundu hayo, na gia zilizopigiwa hesabu. Miongoni mwa maboksi ya mwanzo kulikuwa na trekta, helikopta, fokolifti, na chesesi ya gari ambayo usukani wake uligeuza magurudumu na pistoni zake zilipanda na kushuka gari liliposukumwa. Jina la Technic lilikuja baadaye kidogo.

Nitazikaa gia hizo kwa muda, maana humo ndimo mnamo utamu wa mambo. Umbali kutoka nundu moja hadi nyingine ni milimita 8. Gia yenye meno 8 ina milimita 4 kutoka kitovu hadi pale inaposhikana na mwenzake. Yenye meno 24 ina milimita 12. Nne na kumi na mbili ni 16, yaani nafasi mbili kamili za nundu, na gia hizo zinakutana bila ugomvi. Ile ya meno 40 ina milimita 20; ioanishe na ile ya 8 unapata 24, nafasi tatu kamili. Lakini jaribu kuoanisha ya meno 16 na ya meno 24 kwenye kitofali kimoja: milimita 8 na 12 ni 20, nafasi mbili na nusu. Tundu halipo. Ama zitagusana hadi zisage, ama zitatazamana tu kama majirani waliokosana.

Kwenda juu kuna mtego mwingine. Kitofali kina kimo cha milimita 9.6, wala si 8, basi ukipanga vitofali viwili vya matundu kimoja juu ya kingine, matundu yao hayalingani na gia yoyote. Dawa yake wajenzi wanaijua kwa moyo: weka vibapa viwili vyembamba katikati, kila kimoja milimita 3.2. Tisa nukta sita na sita nukta nne ni 16. Gia zinakutana tena, na kijana wa miaka 11 aliyetaka tu lori lake liende amefanya hesabu ya desimali bila kuambiwa kwamba ni hesabu.

Kuna pia ile gia ya umbo la parafujo. Ikizunguka mara moja husogeza jino moja tu la gia iliyo mbele yake. Kwa hiyo mota ndogo dhaifu inaweza kuinua mzigo mzito, polepole. Na ina tabia nyingine ya ajabu: yenyewe huisukuma gia, lakini gia haiwezi kuisukuma yenyewe. Zima mota, mzigo unabaki ukining'inia hewani. Kila mwenye winchi ya mezani hufika siku ya kuligundua hilo, na nadhani siku hiyo huwa haisahau.

Kitu cha kusimama kinaweza kudanganya. Nyumba ya vitofali ikiwa nzuri mbele na ovyo nyuma, utaigeuzia ukuta na mgeni hatajua. Mashine inayokwenda haina upande wa nyuma. Ekseli iliyobanwa mno itagoma, iliyolegea itachomoka, na gari la mwaka 1994 lenye giaboksi, springi na difu halitajali kwamba limepambwa vizuri. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu wazima walioacha vitofali utotoni walirudi kupitia mlango huu wa mashine. Walitaka kitu kinachowakatalia.

Na waliporudi wakakutana na tatizo la Hornby. Boksi moja la mashine kubwa lina vipande zaidi ya elfu moja. Nunua matano, ubomoe, uyachanganye, na hapo una ndoo ambayo ukitaka pini moja utaichakura dakika kumi. Njia ya kwanza ya kila mgeni ni kupanga kwa rangi, kwa sababu inapendeza macho. Nayo ni makosa. Katika sanduku la vipande vyeusi vitupu, jicho haliwezi kuona pini ndogo nyeusi; lakini katika sanduku la pini za rangi zote, jicho huidaka nyeusi mara moja. Jicho hutambua rangi upesi kuliko umbo. Basi wazoefu hupanga kwa umbo kwanza, na rangi huiacha ijitafute. Wengi huishia kwenye makabati ya droo ndogo yale ya kuwekea misumari na nati, au masanduku ya wavuvi wa ndoana.

Tena mpangilio wa mashine una siri ambazo ukuta hauna. Pini nyeusi ya kawaida ina mikwaruzo midogo inayoifanya ikaze. Ile ya kijivu ya sura ile ile haina, nayo huzunguka huru. Ukikosea kuziweka droo moja, mkono wa winchi utakaopaswa kuning'inia utakakamaa, na utatafuta kosa katika mota, katika gia, katika kila mahali isipokuwa hapo. Kiwanda chenyewe kilijifunza kusaidia: kwa miaka mingi ekseli za urefu wa namba shufwa zilitoka nyeusi na za namba witiri zikatoka kijivu, ili mkono ujue kabla jicho halijahesabu.

Kijana mmoja wa Australia, James Jessiman, alilipeleka jambo hili mbali zaidi. Mwaka 1995 alitoa programu ya kompyuta iitwayo LDraw, ambayo ndani yake kila kipande kilichorwa kwa vipimo vyake na kupewa namba, ili mtu aweze kujenga juu ya kioo kabla hajagusa plastiki. Alifariki mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 26 tu. Wapenzi wa mchezo huo waliichukua kazi yake wakaiendeleza, kipande baada ya kipande, bila malipo. Daftari lile la stoo ambalo kiwanda hakikuwapa, walijiandikia wenyewe.

Kuhusu mashine zenye akili nitasema machache, ingawa zina uhusiano na bara letu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akapinga ubaguzi wa rangi, akaondoka, na mwishowe akawa profesa MIT. Katika dibaji ya kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, anaeleza jinsi alivyopenda gia tangu hajafika miaka miwili, na jinsi gia hizo, hasa zile za difu ya gari, zilivyomsaidia baadaye kuelewa hesabu za shuleni. Watu wa Billund walishirikiana naye, na mwaka 1998 wakatoa kitofali chenye kompyuta ndani, wakakipa jina la kitabu hicho. Baada ya majuma machache tu, mwanafunzi wa chuo cha Stanford, Kekoa Proudfoot, alikuwa ameufumbua utaratibu wake wa ndani na kuutangaza. Wanasheria wangeweza kupelekwa. Kampuni ilitafakari, kisha ikawaruhusu watu waendelee. Bidhaa hiyo ilisitishwa mwishoni mwa 2022, lakini mota zake bado zinazunguka kwenye meza za watu.

Sasa lile la kufilisika. Katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita kampuni ilihofu kwamba michezo ya kompyuta itawamaliza watoto wake, ikaanza kukimbilia kila jambo: bustani za burudani, nguo, sinema. Na ndani ya kiwanda wabunifu waliruhusiwa kuagiza kipande kipya kwa kila wazo jipya. Ukuta maalumu kwa boksi hili, mbawa maalumu kwa lile, rangi mpya kwa lile jingine. Kila umbo jipya linadai kalibu yake, na kalibu moja hugharimu maelfu mengi ya dola. Aina za vipande, ukihesabu maumbo pamoja na rangi zake, zilipita 12,000, na nyingi kati ya hizo zilitumika katika boksi moja tu. Mwaka 2003 mauzo yalianguka kwa zaidi ya robo. Mwaka 2004 hasara ilikaribia kroner bilioni 2.

Oktoba mwaka huo alikabidhiwa uongozi Jørgen Vig Knudstorp, mtu wa miaka 35, wa kwanza kutoka nje ya ukoo wa yule seremala. Aliuza bustani. Alipunguza wafanyakazi, na hilo liliwaumiza watu wengi wa Billund. Na jambo jingine alilolifanya, ambalo mpenzi yeyote wa kabati la droo angelielewa bila kufafanuliwa, ni kuchambua vipande. Aina zikapunguzwa karibu nusu. Mbunifu aliyetaka kipande kipya akaambiwa kwanza aonyeshe kwamba vilivyopo havitoshi. Wachumi wameandika vitabu juu ya wokovu wa kampuni ile, wakitumia maneno makubwa makubwa. Kwangu mimi, walirudi tu kwenye nusu inchi ya Hornby.

Je, sisi tumo wapi katika habari hii? Boksi kubwa la mashine hizo bei yake hupita mshahara wa mwezi wa wengi wetu, na hakuna hotuba itakayolificha hilo. Lakini mwendo hatukuusubiri utoke Denmark. Gari la waya, lenye usukani mrefu wa kushikia kwa kusimama, magurudumu ya kandambili iliyochakaa au ya vifuniko vya makopo, limesukumwa katika mitaa ya Dar es Salaam na ya Nairobi na watoto ambao wengine leo ni mafundi wa magari ya kweli. Usukani wa gari lile hugeuza magurudumu ya mbele kweli kweli, na aliyeukunja waya ule ameifikiria chesesi sawasawa na yule wa mwaka 1977.

Tofauti iko kwenye vipande. Waya uliokunjwa kuwa bampa haugeuki kuwa ekseli kesho. Kila gari huanza mwanzo, na ujuzi wa mtoto mmoja hauingii katika tundu la mwenzake. Nenda Gerezani au Kamukunji uone mafundi walivyolimaliza tatizo hilo kwa namna yao, nati za kumi na tatu katika kopo hili, za kumi na saba katika lile, na ole wake kijana wa kazi atakayezichanganya. Kitofali chenyewe, nacho, si mali ya mtu mmoja tena. Haki ya uvumbuzi wa mwaka 1958 ilikwisha muda wake zamani. Mahakama Kuu ya Kanada mwaka 2005, na Mahakama ya Ulaya mwaka 2010, zote zilikataa kuifanya sura ya kitofali kuwa alama ya biashara ya kampuni moja, na leo makampuni mengine hutengeneza vinavyoshikana nacho. Shule au kanisa au msikiti wenye chumba cha vijana unaweza kuanza na ndoo moja ya mitumba, pamoja na makopo matupu ya maziwa kwa ajili ya kuchambulia.

Nimalizie na mchezo ambao wapenzi wa mashine hizi waliuwekea kanuni mwaka 2005. Kila mtu huleta meza yake mashine ndogo ya kuhamisha mipira: moja huinua kwa ngazi, nyingine kwa parafujo, nyingine hurusha. Hakuna anayeambiwa aijengeje. Kanuni zinahusu tu kikapu cha kupokelea, kimo chake na ukubwa wake, na kwamba mashine iweze kupokea wastani wa mpira mmoja kila sekunde. Basi mashine za watu wasiofahamiana, waliotoka miji mbalimbali na pengine nchi mbalimbali, hupangwa mstari mmoja asubuhi, swichi zinawashwa, na mpira wa kwanza unaanza safari kutoka kikapu hadi kikapu, na mwisho hurudishwa ulikotoka. Mara kwa mara mstari husimama. Hapo utaona mtu mzima ameinama juu ya mashine yake, kidole kimoja kwenye gia iliyogoma, na mkono mwingine umenyooshwa nyuma kuelekea sanduku la droo, akitafuta pini ya kijivu bila kuangalia.